Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Ulinzi wa Viota vya Ndege wa Ufukweni, Kigamboni

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote. Mapato na matumizi atayasoma Mhazini, na orodha ya vikao anayo Katibu. Mimi nitazungumzia viota.

Kwa waliojiunga mwaka huu: ndege tunayemlinda ni kitwitwi mwenye paji jeupe, mkazi wa fukwe zetu mwaka mzima. Hajengi mtini. Huparua kishimo mchangani, juu kidogo ya mstari wa mwani unaoachwa na maji yakipwa, akataga mayai mawili, mara nyingine matatu, yenye rangi ya mchanga na madoadoa meusi. Akiondoka huyafukia nusu. Mtu anaweza kusimama hatua mbili kutoka kwenye kiota, akakitafuta kwa macho asikione, kisha akakikanyaga akigeuka. Mayai huatamiwa kwa takriban mwezi mmoja. Makinda hukimbia muda mfupi baada ya kuanguliwa, lakini hupita zaidi ya mwezi mwingine kabla hawajaweza kuruka. Katika muda huo bamvua, maji makuu yanayoweza kufika kwenye viota, hupita mara nne, na Jumapili, siku ufukwe unapojaa watu, zisizopungua nane. Bamvua hatuna uwezo nayo. Jumapili tunaiweza.

Mwaka huu umetuonyesha wazi kwamba kamba bila mtu hailindi kitu. Tulipozungushia viota vijiti na kamba tukaondoka, vijiti viligeuzwa magoli, na kamba ikafungia mzigo wa bodaboda. Aliposimama mwenzetu mmoja, hata bila kibao, watu walizunguka wenyewe. Siku ya Idi, upande wa Mjimwema, watoto waliokuwa wakicheza mpira walimwona kitwitwi akiburuta bawa kana kwamba limevunjika, hila yake ya kumvuta adui mbali na mayai, wakaanza kumfukuza. Mama mmoja wa kamati yetu aliwaita, akachuchumaa nao, akawaonyesha vinyayo vidogo vinavyotoka kila upande na kukutana mahali pamoja. Wakafuata vinyayo kwa kidole mpaka wakayaona mayai. Hakuna aliyewaamuru: waling'oa magoli wenyewe wakasogea, na mmoja wao alikaa pale mpaka jua linazama, akimwambia kila mpita njia apite chini, kwenye mchanga mbichi.

Wenzetu wa Marekani wamepitia njia hiihii. Kitwitwi wao wa pwani ya Atlantiki alipowekwa chini ya ulinzi wa sheria mwaka 1986, walikuwa wamebaki jozi zipatazo 790. Leo wamezidi jozi 2,000, na sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu wa kujitolea wanaosimama fukweni msimu baada ya msimu. Nasi tunayo sheria: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kinatusaidia anapokuja mtu na matofali. Kwa kijana aliyekuja kuogelea na rafiki zake hakitusaidii, na wala sitaki tumtishie nacho. Huyo tuzungumze naye.

Sasa usafi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunajitokeza kusafisha ufukwe pamoja na serikali ya mtaa, na ni jambo jema. Lakini reki zinakokota kila kitu, mwani na mayai pamoja. Mwani si uchafu. Ndani yake mna viroboto wa mchanga na mabuu ya nzi, na hicho ndicho chakula cha makinda. Tuokote plastiki kwa mkono, mwani tuuache. Mabaki ya chipsi, mifupa na vichwa vya samaki visilale ufukweni hata usiku mmoja, kwa sababu ndivyo vinavyomwita kunguru mweusi. Ndege huyu aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na leo ni mwizi mkubwa wa mayai na makinda jijini. Mama lishe wawili wameanza kufunika mapipa yao kwa hiari. Nawashukuru kwa dhati.

Wageni wa kaskazi nao wanatuhusu. Oktoba 2024, kitwitwi wa kijivu na sululu mdogo mwenye mdomo uliopinda, wote wazaliwa wa nchi za barafu za Aktiki, walipandishwa daraja duniani wakawekwa miongoni mwa ndege walio hatarini. Hapa kwetu hawatagi, wanakuja kula na kupumzika. Kila wanaporushwa na mbwa wanapoteza nguvu za safari ya kurudi. Wenye mbwa, tafadhali, kamba shingoni.

Kuhusu picha, najua uamuzi wa kamati uliwaudhi baadhi yenu. Hatutarusha mtandaoni picha ya kiota wala mahali kilipo. Anayekuja kupiga picha saa saba mchana humwondoa mama juu ya mayai, na jua la saa hizo linaweza kuyaua kwa muda mfupi. Msimamo huo nautetea.

Maombi yangu kwa mkutano huu ni mawili. Kwanza, tupitishe zamu za Jumapili na sikukuu, watu wawili wawili, kuanzia saa nne asubuhi hadi magharibi. Karatasi ya majina iko mezani kwa Katibu. Pili, tuunde kamati ndogo itakayokutana na wenyeviti wa mitaa kuhusu reki kabla ya usafi wa mwezi ujao.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti