Barua ya wazi kwa vijana wa bahasha za kaki

Wanangu,

Marahaba. Naanza kwa kuitikia, maana wengi mmeniamkia kwenye simu wiki hizi na sikuwahi kuwajibu wote. Wapo ambao hawakuniamkia kabisa, na hao ndio hasa ninaowaandikia.

Nilianza kazi masijala mwaka 1984. Nilikuwa nafungua barua za maombi kwa kisu kidogo cha mezani, nagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, naingiza kwenye jalada, napeleka kwa mabosi. Nilistaafu nikiwa ofisi ya utumishi, upande wa kuajiri. Sasa nakaa barazani kwangu huku Mbagala, na haipiti wiki bila kijana kubisha hodi, bahasha ya kaki kwapani, pembe zimechakaa kwa jasho la daladala. Akishapewa maji ya kunywa, neno lake huwa lilelile: "Mama, sisi hatuna koneksheni."

(Neno hilo huko mitandaoni lina maana nyingine. Nilimuuliza mjukuu wangu, nikajuta kuuliza. Hapa nazungumzia koneksheni ya kazi, yaani mtu wa kukuunganisha na mwajiri.)

Nawaambia la moyoni: watu mnao. Tatizo ni namna mnavyowaendea.

Mnamjua mshenga. Kijana akitaka kuposa hamtumi mtu aliyekutana naye jana kituoni. Anamtafuta anayemfahamu, anamweleza ukoo wake, shughuli yake, kama aliwahi kuoa akaacha, kisha anamkabidhi barua iliyokunjwa vizuri. Mshenga akifika kwa watu anaketi mkekani, na kinachosikilizwa kwanza ni jina lake yeye. La mposaji linafuata. Ndoa ikiharibika, wakwe wanaanza kumtafuta mshenga: "Wewe si ndiye uliyetuletea?" Basi mtu anayekutaja mbele ya mwajiri ni mshenga wako. Ameweka rehani jina alilolijenga miaka ishirini, na wewe unamtumia "Mambo".

Sizushi. Juzi saa tano na dakika arobaini usiku simu yangu ililia, nikadhani ni msiba. Namba siijui, picha ni ya kijana kavaa miwani ya jua nusu ya uso. "Mambo." Nikanyamaza. Baada ya dakika kumi: "Uko poa?" Halafu: "Naomba koneksheni ya kazi yoyote." Chini yake faili, jina lake "CV mpya mpya final 3". Hakusema yeye ni nani wala namba yangu kaipata wapi. Siku ya tatu ndipo nilipokuja kujua kuwa alisoma na mjukuu wangu, na kwamba ni kijana mwenye akili sana.

Kilichoniudhi zaidi si saa wala "Mambo". Ni hiyo "kazi yoyote". Mnadhani ni unyenyekevu, kumbe mnamtwika mwenzenu mzigo. Anayetafuta kazi yoyote ananiachia mimi kibarua cha kukaa kufikiria anaweza nini, anafaa wapi, nimpeleke kwa nani. Na mimi usiku ule nilikuwa na pressure yangu ya kufikiria.

Kijana huyohuyo angeandika hivi, saa nne asubuhi siku ya kazi:

"Shikamoo mama. Naitwa fulani, nimesoma na mjukuu wako, ndiye aliyenipa namba yako. Nimehitimu ugavi mwaka jana, na field nilifanya miezi miwili kwenye ghala la dawa. Nasikia uliwahi kufanya kazi na watu wa bandari kavu. Siombi kazi. Naomba dakika kumi unieleze maghala yao huchukua watu wa namna gani na nafasi huzitangaza wapi. Nitapiga siku na saa utakayoona inakufaa."

Hesabu mistari, haifiki kumi. Lakini sasa najua ni nani, katoka wapi, anataka nini, na nani kamleta. Kubwa kuliko yote ni yale maneno mawili, "siombi kazi". Ukimwomba mtu kazi asiyokuwa nayo, atakwambia "sina", na mazungumzo yamekufa hapo. Ukimwomba habari, hakuna binadamu asiyekuwa na habari. Atakueleza, na akishakueleza umeshaingia kichwani mwake. Siku akisikia mtu anahitajika ghalani, wewe ndiye utakayemjia. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki, kwa adabu, kisha mwache. Na sauti ya dakika nne msinitumie. Sauti siwezi kuisambaza kwa meneja, ujumbe wa maandishi naweza.

Jambo jingine, mnakimbilia mno ndugu. Baba mkubwa yuko wizarani, basi ukoo mzima umemkalia shingoni. Mwaka 1973 Mmarekani mmoja, mtaalamu wa elimu ya jamii aitwaye Mark Granovetter, alitoa makala juu ya jambo hili. Alikuwa amewauliza watu wa kazi za kitaalamu na uongozi katika mji wa Newton, karibu na Boston, jinsi walivyopata kazi zao. Kwa wale waliopata kupitia mtu, aliuliza: mtu huyo mlikuwa mkionana mara ngapi? Kama 17 tu katika kila 100 walisema mara kwa mara. Kama 56 walisema mara mojamoja, na 28 walisema kwa nadra. Sababu haina uchawi. Wa nyumbani wanajua unayoyajua, maana mnakula sinia moja. Habari mpya iko kwa yule mnayeonana mara mbili kwa mwaka, kwa sababu anaishi kati ya watu usiowajua.

Granovetter hakuwahi kukaa kikao cha harusi cha Dar es Salaam, lakini angekielewa. Miaka michache nyuma nilikuwa kwenye kamati ya harusi ya mtoto wa jirani. Mweka hazina alitakiwa awe shemeji mmoja, akakwepa. Akachaguliwa binti aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, amehitimu uhasibu, yuko nyumbani mwaka wa pili. Hakuna aliyemtarajia makubwa. Lakini kila Jumapili saa moja jioni, wiki tisa mfululizo, ujumbe wake uliingia kwenye kundi: ahadi kiasi hiki, zilizolipwa kiasi hiki, zilizobaki kwa nani, zilizotumika kwa nini, salio. Siku moja hesabu ilipishana kwa shilingi elfu tatu. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Akaandika: "Kuna 3,000 sijaielewa, naitafuta." Jumatano akaandika kwamba ni makato ya kutoa pesa kwa wakala, na picha ya ujumbe wa muamala akaiweka.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Mwezi mmoja baada ya harusi akanipigia. "Yule binti wa elfu tatu, bado yuko nyumbani?" Hakuuliza alisoma wapi wala alipata daraja gani. Binti yuko dukani kwake hadi sasa, ndiye anayefunga hesabu za jioni. Hakuomba kazi hata siku moja katika wiki zile tisa. Nami sisemi muingie kwenye kamati za harusi kwa kuwinda kazi, watu watawanusa. Nasema kuna watu wanakuangalia unavyofanya kitu kidogo ambacho hulipwi.

Tukiwa hapohapo kwenye shughuli. Msibani hapana. Nimeona kwa macho yangu kijana akimfuata meneja aliyefiwa kwenye turubai, udongo wa kaburi haujakauka, akamchomekea bahasha. Yule mfiwa aliipokea kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa, na alipoondoka aliiacha chini ya kiti. Msibani beba viti, chota maji, ukae na wenzio. Ukitambulishwa kwa mtu, mpe pole, mengine yana siku yake. Harusini unaweza kusalimia na kuomba namba, lakini bahasha ibaki nyumbani.

Kwa kazi za serikali sina ushenga wowote wa kuwafanyia, msinitafute kwa hilo. Ziko kwenye Ajira Portal, tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, na unajiombea mwenyewe. Ninachoweza ni kuwakagulia barua na vyeti kabla hamjatuma. Mnaleta slipu ya matokeo wakati tangazo limesema wazi haipokelewi, kisha mnasema mmefanyiwa fitina. Majina yanapishana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, na hamjali mpaka siku ya usaili.

Na akitokea mtu anayedai "ya kulainisha", au anayemwambia binti aje wazungumzie nafasi hiyo gesti, huyo si mshenga, ni mwizi. Rushwa ya ngono imetajwa waziwazi kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa namba 113, bure. Tunza ujumbe wake, usiufute kwa aibu. Aibu si yako.

Sasa wadhamini. Hapa nina kidonda.

Matangazo mengi yanataka wadhamini watatu, nanyi mnaandika majina kama mnavyojaza fomu ya kadi ya simu. Mwaka 2012 alikuja ofisini kwetu kijana wa field, wiki nane, kichwa kanyoa kinang'aa. Siku ya kwanza tu wakambatiza Kipara, na mimi nikamwita hivyohivyo. Alipanga majalada ya miaka sita yaliyokuwa sakafuni, akayaandikia orodha kwa mkono, mwandiko kama umechapwa. Alipoondoka nilimkumbuka kwa kila jalada nililolipata mara moja bila kutafuta.

Mwaka mmoja na kitu baadaye niko kwenye foleni ya kliniki, simu ikaita. Sauti ya mama mmoja, haraka: "Tunapiga kuhusu mwombaji wetu wa kazi, amekuandika kama mdhamini." Akataja majina matatu kamili. Nikatafuta kichwani, sikuona mtu. "Unamfahamu?" Nesi naye ananiita namba. Nikasema, "Hapana, samahani, simfahamu." Akashukuru, akakata.

Nilikuwa ndani ya bajaji, tumeshafika sheli, niliposhtuka. Kipara! Nikapiga ile namba, ni ya mezani, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena kesho yake, ikapokelewa na mlinzi. Walikuwa wamefunga mapema, Ijumaa. Jumatatu wakaniambia anayeshughulika na usaili ule kasafiri, na orodha imeshapelekwa.

Mnaweza kusema kosa ni langu, na ni kweli, lilianza siku niliyomwita mtoto wa watu Kipara wiki nane bila kumuuliza jina lake. Lakini ingetosha ujumbe mmoja, siku mbili kabla: "Mama, ni mimi Kipara wa masijala, jina langu kamili ni hili. Nimeomba kazi ya kutunza kumbukumbu mahali fulani, nimekuandika mdhamini kama utaridhia, wanaweza kukupigia wiki hii." Na nakala ya tangazo. Ningekaa na kalamu na kuwaeleza habari ya yale majalada ya sakafuni mpaka wachoke.

Tena baada ya hapo, rudisheni jibu. Hili ndilo mnalolisahau karibu nyote. Mshenga akirudi kwa wakwe hasimamishwi mlangoni, anakaribishwa ndani. Nimewatuma vijana kwa watu, nikapiga simu kwa niaba yao, halafu kimya. Umepata? Umekosa? Hukwenda? Nakutana na yule niliyekutuma kwake ananiambia, "Kijana wako hakutokea," nami nimesimama pale sina la kusema. Mistari miwili inatosha: "Mama, nilikwenda, wamesema nisubiri." Au, "Nimekosa, lakini wamenielekeza pengine." Uliyekosa ukaniambia, nitakutafutia pengine. Uliyepata ukanyamaza, mdogo wako akija nitasita, na yeye hana kosa.

Jumamosi asubuhi nipo barazani kama kawaida. Njoeni na hizo bahasha, na muwe mmeshaamua ni kazi gani mnayoitaka.

Na wewe Kipara, ikiwa barua hii itakufikia: majina yako yote matatu nimeyaandika nyuma ya daftari langu la simu, na namba yangu ni ileile. Niambie ule usaili uliishaje.

Mama yenu,
mstaafu wa masijala, Mbagala