Usiwaharakishe kupeana mikono

Dodoma, 14 Juni

Mpendwa Sechelela,

Mbukwa, mwenzangu. Za huko Bahi? Mama hajambo, na miguu yake je? Huku wazima, ila upepo wa mwezi huu unaleta vumbi mpaka ndani ya sufuria. Salamu nyingine zigawe mwenyewe, maana kuna jambo linanichoma.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Kwanza hongera kwa kuingia Baraza la Ardhi la Kijiji. Pili, hapana. Huo mpango wa kuwaita Baba Chiku na mzee wa kisimani, wanaogombania mpaka wa shamba, Jumapili baada ya ibada, wasimame mbele ya watu, mchungaji aombe, wapeane mikono yaishe, uache kabisa. Mikono watapeana. Nani atakataa mbele ya mchungaji? Halafu mvua ya Desemba inyeshe, mmoja apitishe plau palepale, na safari hii atakuwa amevunja neno alilolitoa kanisani. Hapo mtakuwa na magomvi mawili.

Tena Baba Chiku si mjomba wako? Hilo ndilo la kuanza nalo kabla ya lolote. Nenda kwa mzee wa kisimani mwenyewe umwambie, "Yule ni mjomba wangu, unaridhia nikae au nipishe?" Akisita, pisha. Mko saba kwenye baraza, wengine sita wapo. Wala usione ni kudharauliwa: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kazi yenu ni kusuluhisha, si kuhukumu, na hakuna anayelazimishwa kuja kwenu. Nguvu yenu yote ni kuaminiwa. Ikishapotea mnabaki watu saba kwenye benchi.

Kabla ya kikao chochote cha pamoja, kila upande usikilizwe peke yake, kwake nyumbani, na muda ulingane. Ukikaa saa nzima kwa mmoja na dakika kumi kwa mwenzie, kijiji kizima kitajua kabla hujafika kwako. Wake zao nao waulizwe, maana wao ndio wanaolima pale na wanajua jembe liliishia wapi mwaka juzi. Uliza nini kilitokea, kisha anataka iishe vipi, kisha anaogopa nini. Hilo la tatu watu hulisahau, na mara nyingi ndiko mlango ulipo: pengine mzee haogopi kupoteza shamba, anaogopa wanawe waonekane hawana mtu. Na neno la huyu usilipeleke kwa yule bila ruhusa yake. Ukilipeleka mara moja tu, umekuwa mmbea mwenye muhuri.

Siku ya pamoja iwe asubuhi. Mtu aliyekwisha kuonja pombe ya ujimbi hasuluhishwi. Isiwe kwa Baba Chiku, isiwe kwa mzee, na ofisini kwa mwenyekiti kunanuka kesi. Chini ya mti wa shule panatosha. Msiwakalishe wakitazamana uso kwa uso kama majogoo. Wakae pembeni-pembeni, wote wakielekea kwenu. Kila upande uje na watu watatu, basi. Mmoja aongee bila kukatizwa, na mwenzie kabla ya kujibu arudie alichosikia mpaka aliyesema akubali, "Ndiyo, ndivyo nilivyosema." Watalalamika kwamba ni mambo ya kitoto. Waache walalamike, ila warudie. Nusu ya ukali huishia hapo, kwa sababu mtu akisikia maneno yake yakitoka kinywani kwa adui hana haja tena ya kuyapigia kelele.

Akiwepo mtani inasaidia sana. Atasema lile ambalo ndugu hawezi, watu wacheke, na litakuwa limeshasemwa. Ila si yule wa msibani, ule mdomo wake... unajua mwenyewe.

Sasa shamba. Ulisema kila mmoja anaapa baba yake aligawiwa ekari kamili. Huenda wote wanasema kweli! Wazee walipima kwa hatua, 70 kwa 70. Hatua za nani? Anayekanyaga mita nzima anapata mita za mraba 4,900. Mwenye hatua ya sentimita 90 anapata 3,969. Ekari yenyewe ni kama 4,047. Tofauti ya wale wawili inakaribia robo ekari, na hakuna aliyeiba. Kwa hiyo mkienda shambani msipime tena kwa miguu, wala kwa kamba ya katani, maana ikivutwa inaongezeka na ikilowa inabadilika. Azimeni futi kamba ya mita 50 kwa fundi yeyote. Anzieni kwenye kona ambayo hakuna anayeibishia, waiteni majirani wa pande zote, na tafuteni alama za zamani: mashina ya minyaa, mawe yaliyopangwa, tuta. Kila mmoja achomeke vijiti vyake pale anapoamini mpaka unapita, na mwenzie asiving'oe. Mkimaliza, ugomvi unaonekana kwa macho: ni ule ukanda ulio kati ya vijiti na vijiti. Mambo yote nje ya ukanda huo hayana mjadala, na semeni hivyo kwa sauti.

Kwa ulivyoeleza, ukanda wenyewe ni kama mita 3 kwa 70. Mita za mraba 210. Kwa mtama unaotoa tani moja kwa hekta, hapo panatoka kilo 21. Debe moja hivi, Sechelela! Lakini usithubutu kuwaambia. Ukimwambia mtu anagombania debe, anachosikia ni kwamba umemwita mjinga. Kilichomuuma mzee ni kwamba minyaa ya baba yake iling'olewa yeye akiwa matangani, na hakuna aliyepita kumwambia. Kwa hiyo mambo ni mawili, na yasichanganywe: ardhi inataka futi, heshima inataka maneno. Na maneno yawe yenyewe, "Niling'oa bila kukuambia." Siyo "Kama nimekukosea unisamehe." Hiyo "kama" inaharibu kila kitu, heri anyamaze.

Ndiyo maana nasema mikono ije mwisho, baada ya kuandika. Tarehe, majina, mpaka unapita mita ngapi kutoka kwenye kitu kisichohama, nani atapanda minyaa na lini. Someni kwa sauti, halafu saini au dole gumba, mashahidi wa pande zote mbili. Nakala nne: kila upande, baraza, na ofisi ya mtendaji wa kijiji. Minyaa wapande wote wawili pamoja, na wakikata wachunge macho, ule utomvu ni balaa.

Ikishindikana, msing'ang'anie. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Baraza la Kata nalo halihukumu ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa cheti, na siku 30 zikipita bila suluhu mtu anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hicho cheti. Waambieni mapema, asije mtu akadhani mmemfungia mlango.

Na yule mkwe aliyepigwa siku ile ya minyaa? Ulilipitia haraka sana, nami nimekusikia. Wazee wanataka limalizwe na mbuzi humohumo kwenye suluhu ya shamba. Hapana tena. Kupigwa si mpaka. Apelekwe hospitali akiwa na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na Dawati la Jinsia polisi wamsikilize yeye, si baba mkwe wake. Atakayekuambia unaharibu amani, mwulize amani ya nani.

Sasa nijibu. Mzee wa kisimani amesema nini kuhusu wewe kukaa? Wanawake wenzako wawili kwenye baraza wanaongea, au wamewekwa kujaza idadi? Muhtasari ataandika nani, na mwandiko wake unasomeka? Mtama wa kule juu umeshavunwa wote, au mtapima huku umesimama? Mchungaji umeshamwambia kwamba Jumapili haipo, au unaniachia mimi? Na Nane Nane utakuja Nzuguni au ndiyo mambo ya baraza? Hiyo futi ukikosa fundi wa kukuazima sema, kuna basi Alhamisi, nitampa kondakta aje nayo.

Rafiki yako,
Mama Yohana