Damu ya Brayo

Manyatta, Kisumu
Jumapili jioni

Kwako Wanjiru,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye foleni ya maji, na nikaona simu haitatosha. Mama mkwe amekupigia kutoka Ahero roho juu: vijana wawili wa utafiti wenye kibebeo cha barafu wameomba damu ya mwanao Brayo, na Brayo haumwi popote. Majirani wameshaanza kunong'ona kachinja, wezi wa damu. Nawe unauliza: kama wanatafuta chanzo cha ule uvimbe wa taya, si wachukue damu ya wagonjwa?

Kwanza usimcheke mama. Nilibeba kibebeo kama hicho miaka minne, na siku yangu ya kwanza Seme nilifunguliwa mbwa. Mtu akija, akatoa damu ya mwanao, akapotea nayo bila kurudi na jibu, wewe ungemwita nani?

Uvimbe wenyewe ni saratani ya watoto inayoitwa Burkitt, jina la daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliitwa kumwona mtoto ambaye taya zilikuwa zimevimba pande zote mbili. Siku si nyingi akakuta mwingine Jinja, hali ni ileile. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaingia Ford kuukuu, wakazunguka wiki kumi, kilomita 16,000 hivi, hospitali hadi hospitali, wakiuliza swali moja: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Hawakuhitaji sindano. Burkitt alikuwa akichora ramani, na ramani ikaonyesha kwamba ugonjwa unakaa penye joto na mvua, ukipanda milimani unatoweka. Huku ziwani upo. Huko kwenu Nakuru, mita 1,800 na ushei, ni nadra. Ukiitazama vizuri, ni ramani ya malaria.

Kirusi kinachoshukiwa kuuleta kiligunduliwa baadaye. Desemba 1963 kipande cha uvimbe kilitumwa London kwa ndege, ukungu ukaifanya ndege itue Manchester. Kilipofika, maji yake yalikuwa yametibuka, na mtu mwenye haraka angesema kimeoza akakimwaga. Epstein, mtafiti wa huko London, akakitazama kwanza, akakuta seli hai zinaelea. Februari 1964 kirusi kikaonekana. Mwizi kapatikana! Basi walipopima watu wazima kabisa, wasio na uvimbe wowote, wakakuta nao wanacho. Kiko dunia nzima. Mimi na wewe bila shaka tunacho.

Hapo ndipo Brayo anapohitajika. Ukipima wagonjwa peke yao utakuta wote wanacho hicho kirusi, na pengine wote wanakula ugali. Sasa utashtaki kipi? Lazima umweke kando yao mtoto wa rika lilelile, kijiji kilekile, aliye mzima, uone wanapotofautiana. Kinachosemwa sasa ni kwamba kirusi kikimpata mtoto angali mdogo, na malaria ikamrudia na kumrudia, kinga yake huelemewa. Lakini kwa nini mmoja na si ndugu yake waliyelala naye neti moja? Hilo ndilo wanalofukuzia.

Njia ya mkato ingekuwa kumwambukiza mtoto makusudi na kungoja. Usidhani hakuna waliowahi kufanya yanayokaribia hayo. Kule Tuskegee, Marekani, wanaume weusi mamia wenye kaswende waliachwa bila tiba kuanzia 1932 hadi 1972, penisilini ikiwapo tangu miaka ya 1940, ili madaktari waone ugonjwa unavyokwenda. Mwenye utu huzunguka. West Nile, Uganda, walianza 1972 kuwatoa damu watoto kama 42,000 wazima, wakaihifadhi kwenye friji, wakangoja. Waliougua kwanza walikuwa 14. Ile damu ya zamani ilipotolewa na kupimwa, wengi wao walikuwa na kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya hicho kirusi, nyingi kupita wenzao, kabla uvimbe haujaonekana. Na North Mara, Tanzania, hapo tu ng'ambo ya Migori, wakageuza swali: badala ya kumpa mtoto unachokishuku, kwa nini usimwondolee? Wakagawa klorokwini, dawa ya malaria, kuanzia 1977 hadi 1982. Uvimbe ukapungua kweli, ila ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya dawa. Kwa hiyo hawakuweza kuapa. Mimi napenda sana huo utafiti, ingawa haukumaliza kesi.

Sasa nikwambie langu, usimsimulie mtu. Kuna mama mmoja Nyakach nilimsomea fomu ya ridhaa kwa Kijaluo, mvua inakaribia, boda ananipigia honi. Pale penye "sampuli itahifadhiwa kwa utafiti wa baadaye" nilipita mbio. Akaweka kidole gumba kwenye wino, shahidi akasaini, nikaondoka. Wiki iliyofuata akaja ofisini kwa miguu, amembeba mtoto mgongoni. "Ulisema mtapima malaria. Nani amesema mkae nayo?" Nilitaka kumwonyesha alama ya kidole chake, nikaona haya. Kidole kilikuwa chake, lakini ridhaa haikuwapo. Tukaandika kwamba amejitoa na sampuli ikaharibiwa. Aliomba kuona ikiharibiwa. Tukamwonyesha.

Kwa hiyo kwa Brayo, jambo la kwanza: hao vijana walifanya vizuri kuondoka bila damu. Nyanya anamlea, lakini mzazi ni wewe na unapatikana. Mwambie mama wakirudi awaulize damu itakaa wapi na kwa muda gani, nani atarudi na majibu, na wakimkuta na malaria nani atamtibu. Aombe kuona barua ya kamati ya maadili, fomu abaki na nakala. Wakitaja pesa inayozidi nauli na muda wake, hapo mimi ningefunga mlango, maana shida hutia sahihi upesi. Na hata ukikubali leo unaweza kukataa kesho, na asinyimwe dawa kliniki kwa sababu hiyo.

Angekuwa wangu ningemruhusu. Nimewaona hao watoto wa taya wodini pale Russia, hospitali kuu ya hapa Kisumu, mmoja hawezi kufumba mdomo, mamake anamlisha uji kwa kijiko cha chai. Lakini si wangu, na ukisema hapana sitakuuliza kwa nini.

Omena nimeipakia kwenye shuttle ya asubuhi, mfuko wa bluu wenye jina lako. Mzigo nimeshaulipia, dereva asikudanganye. Wewe nitumie zile viazi, na unieleze mama mkwe alivyosema.

Wako,
Akinyi