Wimbo wa msiba wa nyanya yangu umegeuzwa ngoma ya furaha

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Mombasa, na naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya chuo. Tunaishi Kisauni, lakini asili yetu ni Kaloleni, na huko ndiko aliko nyanya mzaa mama. Jambo linaloninyima usingizi liko kati yake na mwalimu wetu wa kwaya.

Nyanya ana wimbo alioutunga kwa Kigiriama zamani, alipofiwa na kaka yake aliyekuwa kuli katika bandari ya Kilindini. Huuimba akipukuchua mahindi, huuimba pia kwenye matanga ya jamaa. Ni wimbo mfupi. Kila mstari huanzia juu ukashuka polepole hadi mwisho, kama mtu anayelia mpaka pumzi ikamwishia, na jina la marehemu hutajwa katika kila ubeti. Wanaosoma sol-fa, yaani noti za do, re, mi, watanielewa nikisema una noti tano tu. Hauna fa wala ti.

Mwaka huu mwalimu alitutaka tulete nyimbo za kwetu, achague mmoja na kuupangia sauti nne kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya, lile lililoanza mwaka 1927 na ambalo fainali zake za taifa kwa kawaida huwa Agosti. Nilikwenda Kaloleni kumwomba nyanya ruhusa. Alikubali kwa masharti mawili: jina la kaka yake lisiondolewe, na wimbo usichezewe kiuno. Nilimfikishia mwalimu maneno hayo mbele ya wenzangu, naye akayapokea.

Tulipouimba mara ya kwanza kwa sauti nne, Shangazi, nilishindwa kujizuia. Besi walishikilia noti moja huko chini, sisi wa sauti ya pili tukawa tunajibizana na wale wa sauti ya tatu, na nilipoanzisha ubeti wa pili koo lilinikaba. Mwalimu wetu ana kipaji, naomba usimdhanie vibaya. Hulipwi kidogo hivyo ukabaki na wanafunzi hadi giza linaingia kama huupendi muziki.

Lakini kadiri mazoezi yalivyoendelea, alianza kuubadilisha. Kasi iliongezwa. Miisho ya mistari, ile iliyokuwa ikishuka, ikapandishwa hadi do ya juu ili sauti ya kwanza wasikike. Zikaja ngoma, kayamba na vigelegele, na sisi wasichana tukaambiwa tutavaa hando, zile sketi za marinda za Kigiriama, na kuzitikisa. Mwishowe jina la marehemu likatolewa, pakawekwa jina la chuo.

Nilimfuata faraghani nikamkumbusha masharti ya nyanya. Akaniambia majaji hutoa alama kwa uchezaji na mavazi pia, na kwamba kilio hakiwezi kutufikisha taifa, sembuse kuimba mbele ya Rais pamoja na washindi wengine. Nikapendekeza basi tuuingize katika kitengo cha nyimbo za kiasili, tuuimbe kama ulivyo. Akasema kitengo hicho tayari kina wimbo mwingine.

Mimi sikubaliani naye. Kuupangia wimbo sauti nne ni sawa, hata kuuongezea utangulizi au kuupandisha ufunguo ni sawa, maana wimbo unatoka uwanjani unaingia ukumbini. Ila huu ulitungwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyekufa. Ukimwondoa yeye na kuugeuza ule mshuko wa sauti, sioni kilichobaki cha nyanya. Tena naamini wimbo wa huzuni ukiimbwa kwa utulivu unaweza kuushika ukumbi kuliko vigelegele vyote.

Sasa nimebanwa. Chuo hunipunguzia karo kwa sababu niko kwenye kwaya, na mama anauza mboga Kongowea. Pengo hilo hawezi kuliziba. Mimi ndiye ninayeanzisha wimbo, kwa hiyo nikijitoa sasa nitakuwa nimewaangusha wenzangu waliojifunza maneno ya Kigiriama neno kwa neno, wengine hata si watu wa Pwani. Rafiki yangu anayesomea sheria ananiambia kuna sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na kwamba familia ingetafuta ushauri. Sitaki kufika huko na mwalimu aliyenifundisha kuimba.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba nyanya amekwisha kuwaambia wajomba wamlete Mombasa siku ya mashindano ya kanda. Akipiga simu huniuliza wimbo wa kaka yake unaendeleaje, nami namjibu tu kuwa tunafanya mazoezi.

Wenzangu wengine wananishauri ninyamaze, wakisema mzee akiona watu wanapiga makofi atafurahi. Hawamjui nyanya. Mimi nafikiria kumleta mazoezini kabla ya mashindano, aimbe mwenyewe mbele ya mwalimu na kwaya nzima, aseme anachotaka kusema. Naogopa mwalimu ataona nimemvunjia heshima, na naogopa pia nyanya ataukataa kabisa na tubaki bila wimbo.

Je, nimlete? Au kuna njia ya kuzungumza na mwalimu ambayo sijaiona? Naomba unijibu mapema, Shangazi, maana mashindano yamekaribia.

Mwimbaji wa sauti ya pili,
Kisauni, Mombasa