Malalamiko kuhusu dawa ya chunusi iliyouzwa bila karatasi ya maelezo

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: DAWA YA CHUNUSI NA ATHARI ZAKE KWA SAUTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msomaji wa taarifa ya habari redioni. Daktari wa ngozi aliniandikia kapsuli za isotretinoini kwa ajili ya chunusi sugu, nikazinunua katika duka lenu la dawa, ambako muuzaji alizikata kutoka kwenye boksi, akazitia katika bahasha ya kaki na kuandika juu yake "1x1". Karatasi ya maelezo ilibaki ndani ya boksi, na boksi likarudishwa rafuni.

Nilichoambiwa ni kwamba midomo itakauka. Ilikauka kweli, ikafuata pua, kisha koo, na katika mwezi wa pili sauti ikawa inakwaruza kila nifikapo katikati ya taarifa, hata fundi mitambo akabadilisha maikrofoni akidhani ndiyo mbovu. Daktari wa masikio, pua na koo alinieleza kwamba dawa hii, iliyo jamii ya vitamini A, husinyaza tezi za mafuta na kukausha utando laini wa mwili, na kwamba nyuzi za sauti zikikosa unyevu hazitetemi sawasawa. Siilaumu dawa yenyewe, kwani uso wangu umetakata. Lakini kukwaruza kwa sauti, ingawa ni athari ya nadra sana, kumetajwa na watengenezaji katika karatasi ileile mliyobaki nayo.

Zaidi ya hayo, na hili ni zito kuliko sauti yangu, hakuna aliyeniuliza kama nina ujauzito, ilhali dawa hii huweza kumlemaza mtoto tumboni, na mwanamke hapaswi kushika mimba anapoitumia wala katika mwezi mmoja baada ya kuiacha.

Naomba kila mteja apewe karatasi hiyo pamoja na muhtasari wa Kiswahili, hata akinunua kapsuli chache, na wauzaji wenu wawatahadharishe walimu, waimbaji, waadhini na wengine wanaoishi kwa sauti zao ili wamwone daktari mapema. Naomba pia nirejeshewe gharama za matibabu ya koo, ambazo risiti zake nimeziambatanisha. Nitashukuru kupata majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu mwaminifu,
Mteja wenu