Waulizeni walimu wenu ni nani alikuwa anawalipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwisho wa mwaka jana, wakati sisi tuliomaliza S4, yaani kidato cha nne, mwaka 1989 kwenye shule moja ya bodingi huku Tororo, mashariki mwa Uganda, tulikutana tena pale pale shuleni, wengine sasa ni mababu na wengine wamekuja na fimbo, na tukawaita walimu wetu waliostaafu waje washinde na sisi siku nzima.

Mambo ya kupanga sitayasema sana, grupu la WhatsApp lilianza na watu 9 likafika 60 na kitu, michango ikaja kwa simu, tenti zikapatikana. Kazi ilikuwa kuwatafuta walimu. Wa jiografia tulishaambiwa amekufa, kumbe yuko Pallisa analima mpunga na ana nguvu zake, na wa baiolojia tuliyekuwa tunamtafuta kwa bidii tukaonyeshwa kaburi. Hedimasta wetu alikuja ameshikwa mkono na mjukuu maana macho yamekwisha, lakini ukimsalimia anakutaja jina kwa sauti yako tu. Jumla walikuja 6. Na sisi wenyewe tulisimama kimya kwanza kwa ajili ya wenzetu, kwa sababu kwenye ile picha ya darasa waliozikwa miaka ya 90 ni wengi mno, na kila mtu wa umri wetu hapa Uganda anajua ni nini kiliwachukua.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Tulitaka kila mwalimu aseme maneno mawili matatu ndani ya darasa letu la zamani, tukabanana kwenye madawati. Ilipofika zamu ya mwalimu wa hesabu hakutaka maiki, aliomba chaki. Akageukia ubao kama zamani, akasema leo nawafundisha somo ambalo sikuwafundisha, nalo ni pensheni ya mwalimu, andikeni. Na watu wazima wa miaka 50 na zaidi tukatafuta kalamu kwenye mifuko.

Akaandika hivi: unachukua miezi uliyofanya kazi, unazidisha na mshahara wa mwaka mzima ule wa mwisho, unagawanya kwa 500. Tuseme mwalimu amefundisha miaka 30, hiyo ni miezi 360, ukigawanya kwa 500 unapata 0.72, maana yake kwa kila shilingi 100 za mshahara wake wa mwisho anastahili 72. Lakini akichukua kiinua mgongo kama wengi wanavyofanya, theluthi moja inakatwa, anabaki na 48. Halafu akapiga mstari chini ya neno mshahara mara mbili, akatuuliza, mshahara upi? Tukanyamaza. Akasema ni ule wa serikali peke yake, ile pesa ya PTA, yaani chama cha wazazi na walimu wa shule, haihesabiwi hata senti moja.

Hapa lazima nieleze kwa wasomaji ambao hawakuwepo. Miaka yetu ile nchi ilikuwa inajiokota. Mwezi wa tano 1987 serikali ilibadilisha pesa, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu yake wakakata asilimia 30, sasa fikiria mtu wa mshahara aliamka vipi siku hiyo. Kwetu walikuwa wanakuja watoto kutoka Teso waliokimbia vita na wizi wa ng'ombe, wengine hawana hata godoro. Mshahara wa mwalimu ulikuwa hautoshi hata wiki mbili, kwa hiyo wazazi kupitia PTA wakawa wanaongeza kitu juu, na ndio hicho kilichomfanya mwalimu aendelee kuingia darasani asiende kufanya biashara mpakani Malaba. Wazazi wetu wengine walilipa kwa magunia ya mahindi na maharage, mama yangu mmoja wao. Shule nyingi za Uganda zilisimama kwa mkono wa PTA, na hilo nalisema kwa heshima kubwa kwa wazazi wale. Lakini ile nyongeza ilikuwa ya kula leo, haikuwa na kesho, na mwalimu alipofikisha miaka 60 akaambiwa astaafu ndipo akakuta kumbe nusu ya alichokuwa anaishi nacho haimo kwenye hesabu.

Yeye mwenyewe alistaafu 2013. Tangu 2022 mwalimu wa sayansi au hesabu mwenye digrii anayelipwa na serikali anapata shilingi milioni 4 kwa mwezi, na sisi tunafurahi kwa vijana hao, wanastahili. Lakini mzee wetu hesabu yake ilipigwa kwa mshahara wa 2013. Katiba yetu ya 1995 kifungu cha 254 kinasema pensheni ilipwe kwa wakati bila kukatika, na kiwango chake kiangaliwe upya kulingana na thamani ya pesa inavyobadilika. Mzee alikisoma chote kwa kichwa, hakuwa na karatasi.

Tulipiga makofi sana. Tulifikiri ndio mwisho wa uchungu wa siku ile.

Kumbe pale pembeni Madamu wetu wa Kiswahili alikuwa amekaa kimya, buibui lake jeusi, mikono mapajani. Akasema taratibu, "Hesabu ya Mwalimu ni sawa kabisa, watoto wangu, lakini mimi kwenye hiyo hesabu simo."

Mhariri, darasa zima lilikufa ganzi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua. Huyu Madamu ni Mnubi wa Bombo, aliolewa huku kwetu, alianza kutufundisha Kiswahili wakati ambapo watu wengi walikuwa hawataki hata kukisikia, maana kwa wazazi wetu Kiswahili kilikuwa lugha ya rodibloku, lugha ya mtu mwenye bunduki anayekuuliza kitambulisho usiku. Yeye alituambia siku ya kwanza kwamba lugha haina kosa, na akatufundisha kusalimia watu wazima kwanza kabla ya kutufundisha ngeli. Vitabu vilikuwa vinne kwa darasa la watu 50. Alikuwa ananakili shairi zima ubaoni asubuhi kabla hatujatoka kunywa uji ili tukiingia tulikute. Mimi leo nafanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani, nazungumza na madereva kutoka Mombasa mpaka Goma, nakula kwa hicho Kiswahili chake kila siku ya Mungu, na sikuwahi kumuuliza hata mara moja yeye anakula nini.

Ukweli ni kwamba hakuwahi kuwa kwenye peiroli, yaani orodha ya mishahara, ya serikali. Shule ilimwajiri kwa pesa ya PTA mwaka 1983, wakamwambia jina lako litapelekwa Kampala, kila mwaka litapelekwa mwaka ujao, mpaka 2004 akaambiwa masomo yamepunguzwa asante kwa huduma. Miaka 21. Alipewa kanga mbili na saa ya ukutani. NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hakuna, maana kwa sheria ya zamani walikuwa wanabanwa waajiri wenye watu 5 kwenda juu, na walimu wa PTA pale hawakufika hapo, basi hakuna aliyejisumbua kuwaandikisha. Sasa ana miaka 74, na ile pesa ya serikali kwa wazee ya shilingi 25,000 kwa mwezi inaanzia miaka 80, kwa hiyo bado miaka 6 na hapo ni akijaliwa uhai.

Yaani walimu wawili walisimama kwenye ubao mmoja, chaki ile ile, wakatufundisha sisi sisi, mmoja ana pensheni ndogo na mwenzake hana kabisa, na miaka yote tuliyokaa mbele yao hatukujua tofauti kwa sababu mwanafunzi hawezi kujua. Wala sisemi hili ni la Madamu wetu peke yake. Tangu siku ile nimekuwa nawauliza watu wa madarasa mengine, wa Mbale, wa Busia, wa Jinja, na karibu kila mmoja akienda kuuliza anarudi na jina la mwalimu wa namna hii, mara nyingi wa somo ambalo serikali haikulijali, muziki, ufundi, dini, Kiswahili.

Ndio maana nawaandikia. Nyinyi mnaopanga mikutano ya wanafunzi wa zamani, na najua ni wengi siku hizi, msiishie kwenye keki na fulana na picha ya pamoja. Mkae na kila mwalimu aliyestaafu, mmoja mmoja, pembeni, kwa adabu, mumuulize ni nani alikuwa anakulipa. Swali hilo tu. Kama ni serikali, muulize pensheni inafika, na jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha taifa ni sawa na kwenye faili lake la kazi, kwa sababu mwalimu wetu mmoja pesa yake ilikwama miezi mingi kwa herufi moja tu ya jina, na mwenzetu wakili akaisukuma ikatoka. Kama ni PTA, basi hapo mjue mna kazi.

Na kwa kamati za shule za leo nasema hivi, jameni, msirudie. Shule bado zinaajiri walimu kwa pesa za wazazi kwa sababu serikali haileti wa kutosha, hilo tunaelewa. Lakini sheria ya NSSF ilibadilishwa 2022, sasa hata ukiwa na mfanyakazi mmoja lazima umwandikishe, mwalimu anakatwa asilimia 5 na mwajiri anaweka 10. Hiyo 10 sio zawadi, ni haki ya yule kijana anayefundisha mtoto wako leo.

Jambo lingine linaloniuma. Mwezi wa saba 2022 baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima primari na sekondari, na sisi wapenzi wa lugha hii tulishangilia. Nenda sasa kwenye mashule uone, walimu wa Kiswahili wanatafutwa kwa tochi, na huku Madamu wetu yuko nyumbani kilomita 4 kutoka shuleni, anauza ubani na kuwafundisha wajukuu wa majirani chini ya mwembe bila malipo. Tulimuuliza kama angeweza kurudi hata siku mbili kwa wiki awasaidie walimu wachanga na matamshi na mashairi. Alicheka akasema mguu unauma lakini ulimi hauumi. Mkuu wa shule wa sasa tulimwambia, amesema ataangalia. Tunamuomba aangalie haraka.

Sisi wenyewe tumekubaliana kila mmoja anatoa shilingi 10,000 kwa mwezi, mpaka sasa tuko 41 ambao hatujakosa, na inamfikia Madamu kwenye simu yake tarehe 5. Lakini mchango wa watoto sio haki ya mfanyakazi, na kwa hiyo tuliandikia kamati ya shule tukaomba wamlipe kitu kwa ile miaka 21. Wametujibu kwamba mafaili ya zamani yalinyeshewa na mvua, hawana karatasi inayoonyesha alifanya kazi miaka yote hiyo, tulete ushahidi.

Ushahidi tumegundua tunao. Kila muhula alikuwa anatia sahihi kwenye ripoti kadi zetu, mstari wa Kiswahili, kwa wino wa kijani, jina lote bila kufupisha. Kwa hiyo tumeanza kuzitafuta, kwenye masanduku ya bati ya mama zetu, kwenye mabahasha ya zamani, na tumeuliza waliokuja kabla yetu na baada yetu. Mpaka naandika barua hii tumepata za miaka 19, ya kwanza ni ya 1983 na ya mwisho ni ya 2004. Zimebaki 1985, 1991 na 1996. Kama wewe au dada yako au mume wako alisoma Kiswahili kwa Madamu wa Bombo miaka hiyo, mnajijua na shule mnaijua, tafadhali fungueni masanduku mtafute, na mkiipata msiikunje tena, ipigeni picha mtume kwa mtu yeyote wa grupu letu, tutakuja kuichukua wenyewe.

Ni mimi msomaji wako,
Mwanafunzi wa S4 1989,
Tororo