Tangi la kobe: kabla hujalipa

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto huko Columbus. Kwa picha uliyonitumia, huyo ni kobe wa maji mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, aina iliyozoeleka sana majumbani Marekani. Gamba lake sasa ni inchi nne. Akitokea kuwa jike atafika inchi kumi au zaidi, na akitunzwa vizuri ataishi miaka 30. Kwa hiyo lile tangi la galoni 20 liache hukohuko dukani. Wafugaji huhesabu galoni 10 kwa kila inchi ya gamba. Kwa kuanzia tafuta la galoni 75, lenye urefu wa futi nne, hata la mtumba, mradi ulijaze maji nje na kulilaza hivyo usiku mzima uone kama linavuja. Likijaa, maji peke yake ni kilo 280 na ushee, basi usithubutu kuliweka juu ya kabati la televisheni.

Maji yawe na kina cha angalau mara mbili ya urefu wa gamba. Changarawe usiweke kabisa: kobe huzimeza zikamziba utumbo. Sakafu tupu ya kioo inamtosha, na uchafu unauona.

Sasa taa, maana hapa ndipo kobe wengi wanapoharibikiwa. Anahitaji jukwaa kavu la kupanda na kukauka mwili mzima, na juu yake taa mbili: ya joto, na ya UVB, yaani miale isiyoonekana kama ile ya jua. Bila UVB mwili hautengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu ya chakula haimfaidii. Gamba linalainika na kupinda. Jua la dirishani halisaidii, kwa sababu kioo huzuia miale hiyo. Bomba la UVB likae kama sentimita 30 juu ya mgongo wake, pasiwe na kioo wala plastiki katikati, na ulibadilishe kila mwaka hata kama bado linawaka, maana mwanga unaouona hubaki wakati UVB imeshapungua. Ziunganishe kwenye taima, saa 12 kwa siku.

Jukwaani pawe na nyuzijoto 32 za Selsiasi, majini 25. Pima kwa kipimajoto, si kwa kiganja. Tofauti hiyo ndiyo inayompandisha juu. Maji yakiwa ya moto kama jukwaa, atabaki majini na gamba litaota ukungu. Kwa baridi ya Ohio huwezi kukwepa hita ya maji. Nunua yenye kizuizi cha plastiki, na kila unapopunguza maji ichomoe kwanza kwenye umeme. Ikiwaka huku imetoka majini hupata moto kupita kiasi, na ukirudisha maji kioo chake hupasuka.

Chujio lake liwe la tangi kubwa maradufu, kwani kobe huchafua maji kuliko samaki. Ndani ya sifongo huota bakteria wanaogeuza amonia ya mkojo kuwa kitu kisicho na sumu kali. Huchukua wiki nne hadi sita kuzoea. Usiisuuze bombani, klorini itawaua wote. Isuuze kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini. Badilisha robo ya maji kila wiki, na mapya yatie dawa ya kuondoa klorini.

Chakula ni rahisi: vidonge vya kobe, na sukuma wiki kila siku. Mchicha kwa nadra tu, hufunga kalsiamu.

Kuhusu mwanao mdogo wa miaka mitatu, naomba uwe mkali. Kobe hubeba salmonela bila kuumwa. Ndiyo sababu tangu 1975 Marekani imekataza kuuza wenye gamba chini ya inchi nne. Asimshike wala kumbusu. Wakubwa wanawe kwa sabuni, na vyombo vya kobe visioshwe kamwe kwenye sinki la jikoni.

Ukimwona anaogelea kaegemea upande mmoja, au anatoa mapovu puani, hayo ni mapafu: mpeleke kwa daktari wa wanyama watambaao siku hiyohiyo.

Nitumie vipimo vya ukuta utakaoliegemeza tangi, na soketi iko upande gani, kabla hujalipa.

Wako,
Zuhura